Sababu ya Mpaka Kuhama

1

Kihamba cha marehemu mama yake kiligeuka chekundu kwenye skrini saa nne na robo asubuhi, Aikande akiwa na kipande cha andazi mdomoni.

Hakukitafuta. Alikuwa akipitia kitongoji cha Urishi shamba baada ya shamba, kama alivyopitia vitongoji tisa vya mlimani kabla yake. Unabofya kihamba, dirisha linafunguka upande wa kulia wa skrini, unasoma jina la mmiliki, ukubwa, namba ya hati na mipaka minne, unathibitisha, unakwenda kwa jirani. Vihamba vyote vilikuwa vimetulia katika rangi yao ya kijani, kila kimoja na nyumba yake, migomba yake, kahawa yake na makaburi ya ukoo wake. Alipofika namba 212, mstari wa upande wa mashariki ukawaka.

Alimeza andazi bila kulitafuna vizuri, akabofya mstari ule.

*Mpaka umehama mita 3.6 kuingia kihamba namba 211. Muda: miaka 41 iliyopita. Sababu ya mpaka kuhama: (tupu). Siku zilizobaki: 6.*

Namba 211 ni kwa Bi Ndeo, jirani yao. Chini ya maandishi yale palikuwa na kumbukumbu kwamba taarifa ya siku tisini ilikwisha kutumwa kwa mmiliki, kwenye namba ya simu ya Eliwaza, mama yake Aikande. Eliwaza alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Simu yake iko ndani ya kabati la vyombo, imezimwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha.

Aikande alifuta vidole vyake kwenye sketi, akasoma tena. Alijua siku sita zikiisha kitakachotokea, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wananchi kila wiki. Nafasi ya sababu ikibaki tupu, programu inajaza yenyewe neno moja, *uvamizi*, na kuurudisha mpaka ulikokuwa. Ardhi si kitu. Mita tatu na nusu zingerudi kwa Bi Ndeo jioni hiyohiyo na hakuna ambaye angekosa usingizi. Lakini ramani ile ni ya wote. Mwanafunzi aliyeko Mtwara akitaka kuisoma anaisoma, na angekuta jina la Eliwaza na mbele yake neno *mvamizi*, leo na miaka mia ijayo.

Lazima tuseme ukweli, Aikande aliipenda programu hii ya Tabaka kuliko inavyompasa mtumishi wa serikali kupenda chombo cha kazi. Miaka minne nyuma, mashambani kote mlimani palimwagwa vijidudu vya kutengenezwa, vidogo kuliko punje ya ulezi, na wananchi wakavipa jina siku ya kwanza tu: sisimizi wa serikali. Sisimizi hao hutambaa kati ya mizizi, huonja udongo, huhesabu umri wa mti bila kuukata, na kila alfajiri hupeleka habari kwenye kompyuta za ofisi. Ramani za zamani zilionyesha ardhi ilivyo leo. Tabaka ina mshale chini ya skrini. Ukiuvuta kwa kipanya kwenda kushoto, miaka inarudi nyuma mbele ya macho yako: nyumba zinatoweka, migomba inarudi kuwa michanga, na mfereji uliokauka tangu Kibo kivue kofia yake ya barafu unaanza tena kupitisha maji.

Kwa chombo hicho wajane zaidi ya mia mbili wa wilaya ile walirudishiwa mashamba yaliyomegwa na mashemeji. Aikande aliwaona kwa macho yake, wengine wakiibusu skrini. Na sharti la kutaja sababu liliwekwa kwa ajili yao, maana wengi walikuwa wamelazimishwa kusema kwamba walitoa ardhi kwa hiari. Sheria nzuri, yenye nia njema. Aikande aliwahi kuitetea mbele ya mkutano wa kijiji mpaka sauti ikamkauka.

"Mbona umekaa kama uliyemwagiwa maji?" Luhende, mkuu wa ofisi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji.

"Njoo uone, Mkuu."

Luhende alikuja, akainama, akasoma. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mnene, mcheshi, mwenye mwaka wa tatu mlimani na bado analalamika kwamba huku hakuna mahali tambarare pa kuegesha gari. Aliposoma jina la mmiliki, ucheshi ulimtoka.

"Pole, dada. Kwa kanuni, hili hupaswi kuligusa. Nipe mimi."

"Nakupa. Ila nitazame kwanza."

"Kutazama hakujakatazwa."

Aikande aliuvuta mshale kushoto miaka arobaini na mmoja. Alitokea yeye mwenyewe, au tuseme nyumba aliyokuwamo akiwa na miaka mitatu, paa moja la bati na jiko la nje. Mpaka wa zamani ulikuwa pale, mstari wa masale, ule mmea wenye majani marefu membamba ambao watu wa mlimani hupanda kutenganisha shamba na shamba. Akausogeza mshale mbele kidogo kidogo. Ilipofika Aprili, masika, masale ya zamani yaling'olewa na mstari mpya ukatokea mita tatu na nusu ndani ya shamba la Bi Ndeo. Miche hamsini na mbili, imepandwa kwa siku moja.

Akafungua dirisha la asili ya mimea. Sisimizi wanaweza kusema kila mche ulikatwa kwenye mti gani, na hapo Aikande akatulia. Miche yote hamsini na mbili ilitoka kwenye sale moja, lile la mlangoni kwa Bi Ndeo.

"Mkuu, mwizi gani huiba shamba kwa kupanda miche ya anayeibiwa?"

"Labda mama yako aliiomba."

"Amwombe jirani miche ya kumwibia?"

Luhende alicheka, kisha akajizuia. "Basi fukua," alisema. "Saa moja tu, utajua yote."

Fukua kilikuwa kitufe cha kijivu chini ya dirisha, na wapima wachache tu walikuwa na ruhusa ya kukibofya. Kikibofywa, sisimizi wote wa mahali hapo hukusanyika kwenye tabaka la msimu unaotakiwa na kusoma kila kilichobaki: maji, majivu, sumu, dawa, damu, chuma. Programu hulinganisha na kumbukumbu za zahanati, mahakama na kanisa, kisha huandika sababu yenyewe. Haikuwa imekosea hata mara moja, na ikishaandika, kila mtu husoma.

Aikande alikuwa ameona kitu kingine kwenye skrini, alama ndogo ya msalaba nyuma ya nyumba. Ni kaburi la baba yake. Sisimizi walikuwa wameandika mwezi lilipochimbwa: Agosti, miezi minane kabla ya masale kuhama. Kwao ilisemwa siku zote kwamba baba aliugua ghafla, basi, na mazungumzo yakaelekezwa kwingine.

"Kesho, Mkuu," alisema. "Kwanza nikazungumze na Bi Ndeo mwenyewe, maana yu hai."

2

Bi Ndeo alikuwa nyuma ya zizi akimkatia ng'ombe mgomba. Miaka sabini na tisa, mgongo umepinda, lakini panga lilipanda na kushuka kwa mdundo uleule ambao Aikande aliusikia akiwa mtoto.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo Jumatano, umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa."

"Basi kuna mtu amekufa. Kaa, niambie taratibu."

Aikande aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakujua aanzie wapi, kwa kuwa huyu mwanamke hakuwa jirani tu. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka darasa la kwanza siku mvua ilipokata njia. Ndiye aliyemfundisha kusuka, kukamua, na kumtukana mwanamume kwa heshima. Eliwaza alipougua, Bi Ndeo alihamia kwake na kitanda chake, akamwogesha na kumlisha kwa miezi mitatu, na mgonjwa alipokata roho ni mkono wa Bi Ndeo aliokuwa ameushika. Aikande alifika saa mbili baadaye. Tangu siku ile alikuwa akitafuta namna ya kumshukuru na kila namna aliiona ndogo.

"Mama mkubwa, masale ya mpaka wetu, nani aliyapanda?"

Panga lilisimama.

"Mama yako alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi." Panga likaendelea.

"Kompyuta inasema mama alikuibia mita tatu na nusu. Bado siku sita, halafu inaandika mvamizi."

Bi Ndeo alimtazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya zizi. "Eliwaza? Eliwaza aniibie mimi? Mwanamke aliyekuwa akinirudishia yai kuku wangu akitaga kwake! Waambie hao sisimizi wenu wameze maji." Kisha kicheko kikamwisha, akaliweka panga chini. "Wataliandika kweli?"

"Kweli."

"Andika kwamba nilimpa."

"Niandike zawadi? Utaapa?"

Mzee yule alijifuta mikono kwa kanga kwa muda mrefu kuliko mikono ile ilivyohitaji.

"Haikuwa zawadi," alisema. "Nikiapa nitakuwa nimesema uongo, na Mungu nimebakiza hatua chache tu nionane naye. Sitaki kufika na kosa jipya."

"Basi ilikuwa nini?"

"Wewe ni mtoto wa mlima huu, Aikande. Usinifanye nikufundishe kama mgeni."

Na Aikande alijua. Alikuwa ameanza kujua tangu alipoona miche ile imetoka mlango mmoja, ila alitaka kusikia. Sale si mpaka peke yake. Mtu akimkosea mwenzake hukata jani la sale mlangoni kwake, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Mwenye kukosewa akilikataa, uadui unaendelea mpaka kwa wajukuu. Akilipokea, yamekwisha. Urishi walikuwa na lao la ziada, kwamba kosa likizidi ukubwa wa jani huletwa miche, ikapandwa ardhini mbele ya wote wawili. Na kosa lililopokelewa halitajwi tena. Anayelitaja, awe mkosaji au mkosewa, amelirudisha hai.

"Sale lililetwa," alisema Bi Ndeo, macho yake kwenye ndoo ya ng'ombe. "Likapokelewa. Mama yako alinishika mkono, akasema, 'Ndeo, neno hili lisitoke kinywani mwako wala mwangu.' Miaka arobaini na mmoja, mwanangu. Tumegombana mimi na yeye, nyote mlitusikia, tumegombania mbuzi, tumegombania kiti cha mbele kanisani. Hata siku moja hakunitolea neno lile. Hata akiwa amekasirika. Mimi ningekuwa yeye ningelitoa wiki ya kwanza."

Ng'ombe alitafuna. Aikande alimweleza habari ya Fukua, kidogo kidogo, kwa maneno mepesi, jinsi sisimizi watakavyokusanyika na kusoma, na jinsi itakavyoandikwa bila mtu yeyote kusema. Akamweleza pia kwamba kila mtu ataona.

Bi Ndeo alimsogezea ng'ombe kipande kingine cha mgomba.

"Mimi niliapa," alisema mwishowe. "Mashine haikuapa. Fukua."

"Mama mkubwa, itakuwa na jina lako. Wajukuu zako watasoma."

"Na wasome. Aibu yangu mimi haina maisha marefu. Eliwaza hawezi kutoka kaburini kujitetea, na mimi siwezi kukaa huku juu nikiitwa niliyeibiwa na yeye. Fukua, mwanangu. Nimekuruhusu." Aliokota panga lake, akamgeuzia mgongo. "Sasa ondoka, ng'ombe hajashiba."

Aikande alirudi kwa njia ya juu, akipita kando ya masale yale hamsini na mbili. Alikuwa amecheza chini yake, amejificha humo akikwepa kutumwa kuni. Sasa alihesabu miezi kwa vidole, Agosti mpaka Aprili, akahesabu tena.

3

Kesho yake alikaa mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya, mshale mdogo ukiwa juu ya kitufe cha Fukua, na hakubofya.

Alitaka kujua. Hili tusimfichie. Kama angekuwa mwanamke wa kupenda umbeya angekuwa na la kujitetea, lakini huyu alikuwa mtoto aliyekulia bila baba, na mbele yake palikuwa na kitufe ambacho kingemwambia baba yake alikufaje. Maji ya mfereji? Dawa ya kahawa iliyowekwa pasipostahili? Mume wa Bi Ndeo, ambaye naye alikwisha kufa na ambaye alikuwa na hasira zilizojulikana kitongoji kizima? Kila jibu alilolibuni lilimuumiza, na lisilokuwapo lilimuumiza zaidi. Ruhusa alikuwa nayo. Mkuu wake alimruhusu, mkosaji alimruhusu. Ambaye hakuwa ameruhusu ni mmoja tu, mama yake, na huyo ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote, naye alikwenda na neno lake.

Aliondoa mkono. Akabofya orodha ya sababu: mauzo, urithi, zawadi, amri ya mahakama, uvamizi, nyingine. Akachagua *nyingine* na kuandika: *Sale lililetwa, likapokelewa.*

Tabaka ikajibu papo hapo: *Maelezo hayajakamilika. Taja kosa.*

"Haiwezi kukubali hivyo," alisema Luhende, aliyekuwa akimtazama kutoka mezani kwake. "Na hupaswi kuigusa, nilikwambia."

"Ndiyo maana nakuomba uiguse wewe."

Akamweleza yote, jani, fundo, miche, na kutotaja. Luhende alisikiliza akikuna kidevu.

"Ninyi watu wa mlimani mna siri mpaka kwenye majani," alisema. "Sisi kwetu ukikosea unachinja ng'ombe, kijiji kizima kinakula, na mpaka watoto wanajua umekosa nini. Huku ni funika kombe mwanaharamu apite."

"Si kufunika, Mkuu. Aliyekosewa alijua kila kitu. Kombe lilikuwa wazi mbele yake, akalipokea."

"Sawa. Lakini nisikilize na mimi. Kiapo cha mpima kipo, naweza kuipitisha kwa leseni yangu bila kosa kutajwa. Leo nimefumba la heri. Kesho shemeji mmoja atamleta mjane hapa, amemtisha, aseme 'sale lilipokelewa.' Nitamwambia nini? Wewe uliyeitetea sheria hii, ungemwambia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Aikande alifanya alichokijua. Aliiamuru Tabaka itafute mipaka yote myekundu ya wilaya ambayo sababu yake ni tupu na ambayo miche ya mpaka mpya ilikatwa mlangoni kwa yule aliyepungukiwa na ardhi. Kompyuta ilinguruma kidogo. Ramani ya mlima ikatokea, na juu yake nukta, moja moja, kisha nyingi.

Mia tatu na kumi na nane.

Hapo ndipo kosa lilipojulikana, na lilikuwa la watu wa mlimani wenyewe. Sisimizi walipomwagwa, wapima walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Mipaka yenu ni ipi?" Na watu ambao tangu wanatambaa wameambiwa kwamba sale ndilo mpaka, walinyoosha vidole kwa kila mstari wa masale uliokuwa mbele yao. Hakuna aliyesema, huu ni mpaka na huu ni msamaha, kwa sababu kusema hivyo tayari ni nusu ya kutaja. Aikande mwenyewe alikuwa mmoja wa wapima hao. Alizunguka na daftari, akaandika *mpaka, mpaka, mpaka*, na pengine mama yake alimtazama dirishani akiandika hivyo, asiseme neno.

Luhende alikuwa amesimama karibu na skrini sasa. "Hawa wote wamepewa taarifa?"

"Wote."

"Na hakuna hata mmoja aliyekuja kujitetea?"

"Hawawezi kujitetea bila kumtaja mtu."

"Mia tatu na kumi na nane wako tayari kuitwa wezi." Aliketi kwenye kiti cha wageni, kiti kikalia. Alikaa pale muda mrefu, akitazama zile nukta, uji wake ukiganda. "Mimi nilidhani huku mnajua biashara tu," alisema, na Aikande aliona kwamba macho ya bosi wake yalikuwa na maji.

Aliweka masharti, kwa sababu alikuwa mkuu wa ofisi na si kanisa. Aliyetoa ardhi aje mwenyewe, asikilizwe peke yake, bila ndugu wala shemeji hata ukumbini. Miche iwe yake, Tabaka ithibitishe. Ikionekana alama yoyote ya kulazimishwa, atafukua bila kuuliza mtu. Hata hivyo, alisema, wajanja wawili watatu wanaweza kupita, na wakipita leseni yake ndiyo itakayokwenda.

Siku ya nne Bi Ndeo alishuka amevaa kitenge chake cha kanisani, akasikilizwa peke yake kwa dakika kumi, akatoka amenyanyua kidevu. Luhende aliweka kidole chake kwenye kisomaji, akala kiapo. Kisha akasukuma kibodi kuelekea kwa Aikande. Tabaka haikubali siri nusunusu. Kosa lisilotajwa lazima lifumbwe, ili asije mtu mwingine kulifukua kwa hila, na kufumba ni kazi ya mwenye kihamba, yaani Aikande, mrithi wa mama yake.

*Sisimizi 12,400 wa eneo hili watazimika. Tabaka za eneo hili hazitasomeka tena kwa mtu yeyote. Hatua hii haina marejeo. Endelea?*

Aikande aliitazama alama ya msalaba nyuma ya nyumba. Nayo ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye masale, ndani ya eneo hilo. Alimwomba baba yake radhi kimoyomoyo, akamshukuru mama yake, akabofya.

Kati ya kijani cha 211 na kijani cha 212 ukabaki ukanda mweupe, mwembamba, bila maandishi. Mahali pa sababu palisomeka: *Sale lililetwa, likapokelewa. Imethibitishwa.* Barua za kuwaita wale wengine zilianza kutoka mchana uleule, na jina la kwanza kwenye foleni lilikuwa la mzee wa miaka tisini na moja aliyeuliza kama anaweza kuja kwa miguu hapohapo.

4

Alimkuta Bi Ndeo uani, ameketi juani na miguu yake imenyooshwa, anachagua maharage. Hakuinua kichwa.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Mama ni msafi. Yameandikwa uliyoyasema, si zaidi."

"Na wewe umesoma?"

"Sikufukua, Mama mkubwa. Nimefumba. Hata nikitaka sasa siwezi."

Maharage yalisimama kati ya vidole. Bi Ndeo alimgeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Aikande alimwona mwanamke yule akiwa na hofu.

"Kwa nini? Nilikuruhusu. Mtoto, nilikuruhusu! Alikuwa ni baba ya—"

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, ungo ukamwagika. Aikande alipiga magoti katikati ya maharage, akaishika ile mikono, akaishusha taratibu.

"Usiseme."

"Hukutaka kujua?"

"Nilitaka. Nataka mpaka sasa. Nimeamka nataka, na kesho nitaamka nataka."

"Basi kwa nini umejifungia mlango?"

Aikande alikuwa amejiandalia jibu njiani, zuri, lenye sheria na mila ndani yake. Halikutoka. Lililotoka ni jambo alilolikumbuka hapohapo, akiwa amevishika vile viganja vigumu. Alikumbuka Jumanne na Ijumaa, mama yake akijitwika mkungu wa ndizi kwenda sokoni, na kabla ya kuondoka akipita kwanza upenyo wa masale.

"Mama alijua yote, sivyo?" alisema. "Alijua, na kila siku ya soko aliniacha kwako."

Bi Ndeo alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekingoja miaka mingi. Aikande alikaa chini kando yake, akamwegemea begani kama alivyokuwa akifanya zamani, akamwambia asante. Asante kwa kumbeba siku ya mvua, asante kwa mikono iliyomwogesha mama. Alisema asante mpaka akaishiwa na mambo ya kushukuria, kisha wakaanza kuokota maharage.